Elimu endelevu kwa wateknolojia wa dawa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wateknolojia wa dawa wanaofanya kazi Mombasa: walio kwenye hospitali za kaunti, walio kwenye maduka ya dawa ya Mwembe Tayari, Kongowea, Likoni na Changamwe, na vijana waliomaliza diploma juzijuzi. Ni maswali yanayojirudia kila tunapokutana, na mengine huja kwa simu usiku, muulizaji akiwa bado yuko kaunta. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Mimi nina diploma. Elimu endelevu inanihusu?

Inakuhusu sawasawa na mwenye digrii. Kazi yetu inaongozwa na Sheria ya Dawa na Sumu, Sura 244, na msimamizi wake ni Bodi ya Dawa na Sumu, ile tunayoiita PPB. Leseni yako ya kufanya kazi ni ya mwaka mmoja, na Bodi hairuhusu uihuishe mpaka uonyeshe kwamba mwaka ule uliendelea kujifunza. Ndipo zinapoingia pointi za CPD, yaani za elimu endelevu ya kitaaluma.

Lakini hata kama sheria isingekuwepo, sababu ingebaki pale pale. Mgonjwa anayepanda ngazi za duka lako anakuita daktari. Mara nyingi wewe ndiye mtu wa kwanza kumwona, na mara nyingi ndiye wa mwisho pia, kwa sababu hatafika hospitali. Uliyosoma chuoni yalikuwa sahihi siku ile. Miongozo ya malaria, ya virusi vya ukimwi, ya kisukari, yote imebadilika na itabadilika tena.

Nahitaji pointi ngapi kwa mwaka?

Idadi huwekwa na Bodi katika mwongozo wake wa CPD, na mwongozo hufanyiwa marekebisho. Ingia kwenye akaunti yako ya tovuti ya Bodi, usome mwongozo wa mwaka unaohusika. Usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye kikundi cha simu. Wapo waliokwama mwezi wa Januari kwa kufuata hesabu ya mwaka uliopita.

Angalia pia mgawanyo wake. Pointi hazitoki kwenye mihadhara peke yake. Kufundisha wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, kuwasilisha mada kwenye kikao cha hospitali, kushiriki warsha, kusoma kozi iliyoidhinishwa, zote zina nafasi yake.

Kwa nini unasisitiza watu waanze Januari?

Kwa sababu anayeanza Novemba hachagui. Anachukua mada yoyote iliyobaki, anakaa ukumbini kwa saa nne, anatia sahihi, anarudi kaunta akiwa na maswali yale yale aliyokwenda nayo. Pointi amezipata, mgonjwa wake hakupata kitu. Hilo ndilo linaloniuma katika mambo haya yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Basi nianze na mada gani?

Anza na kaunta yako. Weka daftari dogo karibu na rejista, na kila unapoulizwa jambo ukalijibu kwa kubahatisha, liandike. Usiandike jina la mgonjwa, andika swali tu. Baada ya mwezi mmoja soma ulichoandika. Utaona mambo matatu au manne yanajirudia, na hayo ndiyo mtaala wako wa mwaka. Mtu wa Likoni hatakuwa na daftari moja na mtu wa Nyali, na aliye famasi ya hospitali ya Makadara atakuwa na lake tofauti kabisa.

Mfano mmoja wa jambo dogo linalojirudia ni dawa ya malaria. Artemetha-lumefantrini ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Hayo wengi wetu tunayasema. Tunalolisahau ni kwamba lumefantrini haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mgonjwa hana hamu ya kula, anameza kwa maji matupu, siku ya tano anarudi na homa anasema dawa ni mbovu. Mwambie anywe na chai ya maziwa, au ale mahamri kwa mbaazi za nazi, hata kidogo. Na akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe. Maelezo haya hayafiki dakika moja.

Hesabu za dozi za watoto zinanitia hofu. Nitazipataje vizuri?

Hofu hiyo ni nzuri, baki nayo kidogo. Makosa mengi ya watoto hayatoki kwenye hesabu ngumu. Yanatoka kwenye chupa mbili zinazofanana.

Chukua parasetamoli ya maji. Kuna ya miligramu 120 kwa mililita 5, na kuna ya miligramu 250 kwa mililita 5. Mtoto wa kilo 8, kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 120. Kwa chupa ya kwanza hiyo ni mililita 5 kamili. Kwa chupa ya pili ni mililita 2.4. Mama aliyezoea kijiko kimoja mwaka jana, akipewa chupa ya pili bila maelezo, atampa mwanawe zaidi ya mara mbili ya dozi, kila baada ya saa sita, kwa moyo safi kabisa. Amoksisilini ni hivyo hivyo: 125 na 250, rangi moja, harufu moja.

Halafu kuna kijiko chenyewe. Kijiko cha chai hukadiriwa mililita 5, cha mezani mililita 15, na vijiko vya nyumbani havifanani hata ndani ya droo moja. Toa sindano ya kupimia isiyo na ncha au kikombe cha vipimo, kisha weka alama ya kalamu mahali pa kufikia. Mwombe mama akuonyeshe yeye mwenyewe atakavyopima. Asipoonyesha, hujui kama ameelewa.

Kwa nimonia ya mtoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unatumia vidonge vya amoksisilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji: kimoja mara mbili kwa siku kwa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10, viwili mara mbili kwa wa kilo 10 hadi chini ya 14. Vinahifadhika vizuri kuliko chupa ya maji, na hakuna mzozo wa kijiko. Jifunze kuvieleza.

Zoezi ninalolipendekeza ni la watu wawili. Kaeni jioni, kila mmoja amwandikie mwenzake visa vitano vyenye uzito wa mtoto, nguvu ya dawa na muda, kisha mbadilishane karatasi. Kama hospitali yenu ina vikao vya elimu, omba zoezi hilo liingizwe kwenye ratiba.

Joto la Mombasa linaharibu dawa kweli, au ni tahadhari za kwenye boksi tu?

Linaharibu. Dawa nyingi zimeandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 30", nyingine chini ya 25. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, joto la nje hupita 30 karibu kila mchana, na duka la mabati lisilo na feni hupita hapo zaidi. Juu yake kuna unyevu wa bahari, ambao kwangu ni adui mbaya kuliko joto kwa sababu hauonekani.

Fungua kopo la aspirini lililokaa wazi msimu mmoja, utanusa siki. Hiyo ni aspirini inayovunjika kwa unyevu. Pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini hushikana kama jiwe. Dawa za kuingiza njia ya haja kubwa hulainika, zikiganda tena umbo limepotea na dawa haijasambaa sawa. Vidonge vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi vikitolewa kwenye chupa yake ya kioo na kutiwa kwenye kibahasha hupoteza nguvu, na mgonjwa wa moyo atajua siku ile anayovihitaji.

Kwa hivyo tundika kipimajoto dukani, penye rafu, mbali na mlango, na uandike asubuhi na saa nane mchana. Ukifanya hivyo wiki mbili tu utajua ni rafu gani ya kuhamisha. Usihesabu vidonge vya mwezi mzima na kuvitia kwenye vibahasha vya karatasi ukavipanga vikisubiri wateja. Na kama unasimamia friji ya chanjo au oksitosini, nyuzi 2 hadi 8 ni mipaka ya pande zote mbili. Sisi watu wa pwani tunaogopa joto mpaka tunasukuma chupa ukutani mwa friji, zinaganda. Chanjo kadhaa zikiganda zimekwisha, hata zikiyeyuka zikaonekana nzima.

Mafunzo ya uhifadhi wa dawa hayana mvuto kama mafunzo ya magonjwa, na huwa hayajazi ukumbi. Yachukue.

Mgonjwa wa insulini hana friji nyumbani. Nimwambie nini?

Kwanza, usimnyime insulini kwa sababu ya friji. Chupa aliyoanza kuitumia, kwa aina nyingi, hukaa wiki nne nje ya friji mahali pa baridi na pasipo jua. Soma karatasi ya aina hiyo. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na kambi ya Dagahaley, Dadaab, hapa hapa Kenya. Waliiweka insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, wakakuta imebaki na nguvu yake kama ile ya friji. Utafiti huo umewapa watu wengi nafasi ya kupumua.

Mtungi wa udongo ni njia ya zamani na inafaa, ila ujue kwamba hupoza kwa maji kukauka juu yake. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, kwa hivyo hapa mtungi haupozi sana kama kule bara kwenye ukavu. Uwekwe kivulini penye upepo, insulini iwe ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa. Asiiweke kwenye barafu moja kwa moja, na ikiganda aitupe. Mwandikie tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Akiba yake isiyofunguliwa muulize kama zahanati ya karibu au duka lako linaweza kumtunzia.

Wagonjwa wa kisukari wanaofunga Ramadhani: mpaka wangu uko wapi?

Katika mji huu swali hili lilistahili siku nzima ya mafunzo kila mwaka. Mpaka wako ni huu: hubadilishi dozi wewe, lakini humwachi mgonjwa aende bila kujua.

Wataalamu wa kisukari wanashauri mgonjwa aonwe wiki sita hadi nane kabla ya mfungo. Kwa kalenda yetu hiyo ni Rajabu. Ikiingia Rajabu, kila anayekuja kuchukua glibenklamidi au insulini muulize kwa upole, "Mzee wangu, Inshallah utafunga?" Akisema ndiyo, mwelekeze kliniki. Glibenklamidi inaweza kushusha sukari sana mtu akiwa na njaa ya mchana mzima, na insulini vivyo hivyo. Metfomini peke yake hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo, lakini ratiba yake bado inahitaji kupangwa kati ya futari na daku. Dawa ya mara tatu kwa siku usiikunje kuwa mara mbili kwa kichwa chako. Daktari anaweza kumpa aina nyingine.

Mambo mawili uyajue kwa moyo. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga, na wagonjwa wengi hawapimi mchana kwa kuogopa hilo. Na mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema funga ivunjwe sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, kwa kipimo cha milimoli, au mgonjwa akianza kutetemeka na kutoka jasho. Masuala ya dini, kama vile dawa ya kuvuta ya pumu, mpeleke kwa imamu wake. Wewe mweleze imamu dawa inafanyaje kazi akikuuliza. Nimeona mashauriano ya namna hiyo yakifanyika msikitini baada ya alasiri, na watu walielewa kuliko kwenye bango lolote.

Mteja anataka "zile za rangi mbili", yaani antibiotiki, bila karatasi ya daktari. Nikimkatalia atakwenda duka la pili.

Atakwenda, ndiyo. Na wa duka la pili ni mwenzetu, pengine mlisoma pamoja. Ndiyo maana jambo hili halitengenezwi na mtu mmoja. Linahitaji watu wa mtaa mmoja wakubaliane.

Uzito wake ni huu: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani, tangu 2017, limezipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Amoksisilini iko kundi la kwanza. Siprofloksasini, azithromisini na seftriaksoni ziko la pili. Mwezi wa Septemba 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kaa chini na rejista yako, uhesabu wewe mwenyewe mwezi uliopita ulikuwaje. Hilo peke yake ni somo, na ukiliandika vizuri linaweza kuwa mada ya kuwasilisha.

Mteja usimwache mikono mitupu. Mtoto anayeharisha maji mpe chumvi za kurudisha maji na zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita. Mwenye mafua mpe kitu cha maumivu na maelezo ya dalili za hatari, kisha mwambie siku ya kurudi. Mtu akiona umemshughulikia, hasira hupungua.

Vipi kuhusu dawa za usingizi na za maumivu makali? Vijana wanakuja na karatasi zisizoeleweka.

Pwani tunajua bugizi, vile vidonge vya usingizi vinavyotumiwa kulewa, ni nini, na tunajua vijana waliopotelea huko. Tunajua pia heroini imefanya nini katika mitaa yetu. Kwa hiyo mafunzo ya dawa zenye uraibu kwetu si ya hiari. Jifunze kusoma karatasi ya kughushi, jifunze kupiga simu kwa aliyeandika kabla ya kutoa, na jifunze namna ya kukataa bila kumdhalilisha mtu. Rejista ya dawa hizi ijazwe wakati ule ule, isingoje jioni.

Upande wa pili unasahaulika. Kenya ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwishoni mwa 2014, na hapa Mombasa wapo wanaoitumia kila siku wakijitahidi kurudi katika maisha. Mmoja wao akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, methadoni yake hushuka mwilini, anaanza kutetemeka na kuumwa mifupa, na watu husema amerudia unga. Hajarudia. Ni dawa mbili zimegongana. Ukilijua hili unampeleka kliniki yake siku hiyo hiyo, dozi irekebishwe, na pengine umemwokoa asiache matibabu yote mawili.

Rifampisini hiyo hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Nayo dolutegraviri, dawa ya virusi vya ukimwi, hushikwa na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesia. Imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Unapouza dawa ya kiungulia, uliza mgonjwa anatumia nini kingine, kwa sauti ya chini, pembeni.

Miraa, muguka, muarobaini: nayo ni sehemu ya masomo?

Ndiyo, maana wagonjwa wetu wanatumia. Utafiti wa Yemen ulionyesha kwamba kutafuna miraa hupunguza ampisilini inayoingia mwilini, na amoksisilini kwa kiasi kidogo, ushauri wake ukiwa kumeza dawa saa mbili baada ya kutafuna. Kwa mwenye shinikizo la damu, miraa na muguka humpandisha zaidi. Kuhusu majani na mizizi, usimcheke bibi aliyekunywa muarobaini. Ukimcheka mara moja hatakuambia tena.

Nikiona madhara ya dawa au nikishuku dawa ni bandia, kuripoti kunahesabika kuwa kujifunza?

Kuripoti ni wajibu kwanza. Fomu ya manjano ni ya madhara yanayoshukiwa, fomu ya waridi ni ya dawa zenye ubora wa kutiliwa shaka, na zote unaweza kuzijaza kwa intaneti kwenye mfumo wa Bodi. Huhitaji kuwa na uhakika. Kushuku kunatosha. Kenya ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa ufuatiliaji wa dawa tangu 2010, kwa hivyo ripoti ya Kisauni huweza kuungana na ya nchi nyingine ikaonyesha jambo ambalo hakuna aliyeliona peke yake.

Kumbuka Gambia, 2022. Watoto walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za kikohozi za maji zilipopimwa zilikutwa na dietileni glikoli, ambayo ni sumu. Tahadhari za namna hii hutolewa kwa jina la dawa na namba ya toleo. Zisome zinapotoka, nenda kwenye rafu, linganisha namba. Nani anafanya kazi hiyo dukani kwenu? Kama jibu ni "hakuna", chukua wewe.

Kujifunza kuandika ripoti nzuri kuna kozi zake, na kituo cha Uppsala kule Uswidi hutoa za bure mtandaoni.

Kozi za bure za mtandaoni zinakubaliwa kwa pointi?

Zingine. Kigezo si ubora wa kozi, bali kama mtoaji ametambuliwa na Bodi au mwongozo unairuhusu. Uliza kabla ya kuanza, kwa maandishi, uhifadhi jibu. Hata hivyo nakuomba usiache kozi nzuri ya Shirika la Afya Duniani kwa sababu haina pointi. Mwaka una nafasi ya vyote viwili.

Mwajiri hanipi ruhusa kwenda kwenye mafunzo.

Mpelekee ratiba mapema, pamoja na jina la mtu atakayeshika zamu yako. Mkumbushe kwamba duka lisilo na mwenye leseni halifunguki kihalali. Mweleze pia utakaporudi utawafundisha wengine kwa nusu saa. Wenye maduka wengi hulainika hapo. Asipolainika, tumia vikao vya jioni vya chama chetu cha wateknolojia wa dawa, Kenya Pharmaceutical Association, yaani KPA, na mafunzo ya mtandaoni. Wanaofanya kazi ng'ambo ya Likoni wasikubali kikao kinachoisha saa nne usiku mjini bila kufikiria foleni ya feri. Waandaaji, nanyi lifikirieni hilo.

Jamaa yangu yuko Marekani, naye anaitwa fundi wa famasia. Masharti yake ni kama yetu?

Hapana, na kazi yenyewe si moja. Kule fundi wa famasia hufanya kazi chini ya mfamasia. Hapa mteknolojia aliyesajiliwa anaweza kusimamia duka la dawa. Mwenye cheti cha bodi ya PTCB huko Marekani hukihuisha kila miaka miwili kwa saa 20 za masomo, ambamo lazima iwemo saa moja ya sheria ya famasia na saa moja ya usalama wa mgonjwa, na masomo yenyewe yawe yaliyotengenezwa kwa ajili ya mafundi. Uingereza hawahesabu saa. Kila mwaka fundi hupeleka kumbukumbu nne za alichojifunza, angalau mbili kati yake zikiwa alizozipanga mapema, mazungumzo na mwenzake wa kazi, na andiko moja la kutafakari kazi yake.

Mimi naupenda utaratibu wa Uingereza. Unamlazimisha mtu aseme: nilijifunza hiki, na mgonjwa fulani akafaidika hivi. Hakuna anayetuzuia kufanya hivyo hapa kwa hiari yetu.

Anayetaka kwenda nchi za Ghuba ajue kwamba kule vyeti huhakikiwa vilikotoka na kuna mtihani. Vyeti vya mafunzo visivyo na tarehe wala muhuri havitakusaidia.

Nimekaa nje ya kazi kwa muda nikilea. Nirudi vipi?

Zungumza na Bodi kuhusu leseni kabla ya kusimama kaunta hata siku moja. Kimasomo, anza na orodha ya dawa muhimu ya Kenya, toleo la 2023, uone kilichoondoka na kilichoingia, kisha miongozo ya malaria na ukimwi. Omba kukaa wiki kadhaa pembeni ya mwenzako. Akina mama wengi wamerudi hivyo na wako imara kazini.

Kumbukumbu zangu nizitunze namna gani?

Weka faili moja la karatasi na nakala kwenye simu na barua pepe. Kila cheti kiwe na tarehe, mada, mtoaji, na idadi ya pointi. Nyuma ya kila kimoja andika sentensi mbili kwa mkono: ulijifunza nini, na ulibadilisha nini kaunta wiki iliyofuata. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Bodi kila baada ya miezi mitatu uhakikishe pointi zimeingia, kwa sababu mtoaji anaweza kuchelewa kuzituma, na Desemba simu zake hazitapokelewa. Unyevu wetu hula karatasi pia, kwa hivyo faili liwe la plastiki, lisikae chini ya kaunta karibu na ndoo ya kudekia.